Mkasi wa filamu wahitaji sikio la Kiswahili

MTU akiisha kutazama filamu nzuri humsifu mchezaji, kisha akamsifu mpiga picha. Aghalabu hamtaji yule aliyejifungia chumbani siku nenda siku rudi, akakata na kuunga vipande mpaka kisa kikasimama. Huyo ndiye mhariri wa filamu. Kazi yake ikiwa njema haionekani, huonekana inapoharibika.

Sisi tuliolelewa na mashairi hatuna haja ya kuelezwa sana. Mshororo wetu una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani yake na kina chake, na pumzi hupita katikati. Ukipunguza mizani moja, ubeti mzima huchechemea hata kama kila neno ni tamu. Mhariri naye ana vipande, ana mizani, ana kituo. Mizani yake huhesabiwa kwa picha: katika televisheni yetu sekunde moja ina picha 25, na zikizidi mbili tatu pasipo pake jicho hung'amua.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikienda Kileleshwa, magharibi ya mji wa Nairobi, kuwatazama vijana wa kazi hii. Mtaa huo zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye bustani na miti mikubwa. Leo maghorofa yamesimama bega kwa bega, na katika chumba ambacho wengine wangelaza wageni utamkuta kijana na kompyuta yake, hedifoni masikioni, pazia limefungwa mchana kweupe. Jirani wa ukuta wa pili hana habari.

Mmoja wao ni mzaliwa wa Lamu. Nilimwuliza alisomea kwa nani. Alinionyesha kioo cha kompyuta, akacheka: "Mwalimu wangu ni huyu, ami. Hachoki, wala hanigombezi."

Fundi na mwanafunzi

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya. Siku zile habari zilipigwa kwa ukanda wa filamu. Mhariri aliushika ukanda mkononi, akaukata kwa kisu cha mashine yake, akauunga kwa utepe wa gundi. Aliyekata vibaya alipoteza picha, au alikaa kuiunga upya kwa subira.

Kazi hiyo ilifunzwa kwa kukaa ubavuni mwa fundi, kama mwanachuo alivyokaa mbele ya sheikh wake. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, iliyoanza mwaka 1961 na ambayo iko South B, ikaja kuwatoa mafundi wengi wa filamu na televisheni. Fundi alimtazama mwanafunzi usoni, akamwambia, "Hapa pamezidi, rudi."

Kompyuta ikaja kuupindua ulimwengu huo. Mashine ya Avid ilitokea Marekani mwaka 1989, na tangu hapo mhariri akaweza kukata mara mia bila ya kuujeruhi ukanda. Leo programu kama DaVinci Resolve ina toleo ambalo kijana halilipii hata senti.

Kisha ukaja waya. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, ule wa SEACOM na ule wa TEAMS, zilitia nanga Mombasa. Wa TEAMS watoka Fujairah, katika Ghuba, pwani ambazo babu zetu walizijua kwa majahazi ya tende na boriti. Safari hii bahari imeleta ilimu: masomo ya kukata, ya kuunga, ya rangi na ya sauti, usiku na mchana, kwa kila mwenye kompyuta na bando.

Kioo ndicho mwalimu

Sibezi ilimu hiyo. Kijana wa Lamu alinisomea bila ya kusita mafunzo ya Walter Murch, Mmarekani aliyepata tuzo ya Oscar kwa kuihariri filamu ya The English Patient ya mwaka 1996. Katika kitabu chake, In the Blink of an Eye, Murch aupima kila mkato kwa mambo sita, na jambo la kwanza, ambalo amelipa zaidi ya nusu ya uzito wote, ni hisia za mtazamaji. Mshairi gani atabisha?

Lakini kioo kina upungufu wake. Hufundisha yale uliyoyauliza, wala hakitazami kazi yako kikakwambia umepotea. Tena masomo mengi yaliyomo ni ya Kiingereza, na mifano yake hufuata pumzi ya Kiingereza. Aliyefunzwa hivyo huambiwa aondoe kimya ili kisa kiende mbio. Mzee wa Kiswahili akiulizwa jambo zito hunyamaza kwanza, akashusha pumzi, ndipo akajibu. Ukikiondoa kimya kile umeondoa nusu ya jawabu.

Au bibi aseme kwamba mashua iliwasili saa saba mchana. Mhariri asiyezijua saa zetu ataweka picha ya jua la asubuhi, ilhali bibi amekusudia wakati adhuhuri imekwisha adhiniwa.

Mahali pa kusimama

Hayo ni madogo, ndugu msomaji. Yako makubwa. Tuseme mvuvi wa Lamu aulizwa habari za bandari mpya, ile ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ajibu: "Bandari hatuikatai, lakini pale tulipokuwa tukivua hatupiti tena." Mkasi ukipita kabla ya lile "lakini", mvuvi amegeuzwa mshangiliaji. Na mambo haya yana uzito: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari hiyo.

Chuoni tulifunzwa waqfu, yaani ilimu ya mahali pa kusimama katika kisomo. Katika Sura ya Al-Maun, mwenye kukoma kwenye aya ya nne asiendelee huwafanya wenye kusali wote kuwa ndio walioonywa, ilhali aya ya tano ndiyo inayobainisha kwamba waonywao ni wale wanaoghafilika na sala zao. Neno halikubadilika hata moja. Kilichoharibu ni kituo.

Nami nimepata kuona filamu ambamo muadhini alikatwa katikati ya shahada, pakatiwa muziki. Nusu iliyobaki ilikuwa ni kukanusha kutupu. Naamini aliyekata hakukusudia ubaya. Alikuwa peke yake, na hapakuwa na mtu ubavuni mwake wa kumwambia kwamba pale si mahali pa kusimama.

Baraza la wahariri

Dawa ya upweke huo ni kukutana. Ushahidi tunao. Warsha za One Fine Day, alizozianzisha Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, ziliwaweka vijana wa Afrika pamoja na mafundi hapa Nairobi, na uhariri ukiwa miongoni mwa masomo. Humo zimetoka filamu kama Nairobi Half Life ya mwaka 2012 na Supa Modo ya mwaka 2018.

Mwaka 2020 filamu ya Softie, inayomhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance huko Marekani. Tuzo hiyo walipewa watu watatu: Sam Soko, Mkenya aliyeiongoza filamu yenyewe, pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins wa Montreal, Kanada. Vichwa vitatu, mkasi mmoja.

Vijana wa Kileleshwa nao wameanza. Mara moja kwa mwezi wachache wao hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na kazi yake ambayo haijakamilika. Filamu huonyeshwa, kisha mwenye nayo hunyamaza na wenziwe wakasema. Nilihudhuria mara mbili. Nilisikia maneno makali, wala sikuona aliyeondoka na hasira.

Nililolikosa pale ni watu wa makamo yangu, na lugha yetu. Mkato, kipande, kiungo na kituo ni maneno tunayo tangu zamani katika utungo, lakini vijana wale, hata wa kwetu, wakifika kwenye kazi hugeukia Kiingereza. Haifai kuwalaumu, kwani hakuna aliyewapa.

Basi shime enyi walimu, washairi na mafundi wa kisomo wa Mombasa, Malindi na Lamu. Kijana wenu akiwa na filamu ya Kiswahili mezani, msingojee itoke ndipo mkalalamika msikitini au barazani. Mwambieni awaletee kabla haijafungwa, mketi naye saa moja, msikilize. Na nyinyi vijana, kabla ya kumkata mzee, mtafuteni mzee mwengine aisikie sauti ile pamoja nanyi, awaonyeshe pumzi yake inaishia wapi.