Hepatitisi ya Seramu: Jina la Zamani la Homa ya Ini B

Watu wa Kagera wanaelewa vizuri jinsi ugonjwa unavyoweza kupewa jina la njia uliyodhaniwa kupitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuonekana mkoani humo, wengi waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Madaktari wa Ulaya na Marekani, pamoja na maabara zao zote, walikuwa wamekwisha kufanya hivyohivyo. Homa ya ini aina ya B waliiita hepatitisi ya seramu.

Seramu ni maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda. Yaliingiaje kwenye jina la ugonjwa? Mwaka 1883, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli huko Bremen, Ujerumani, walichanjwa ndui kwa ute uliotolewa kwa binadamu wengine. Miezi kadhaa baadaye, 191 kati yao macho yakageuka manjano. Wenzao ambao hawakupata chanjo hiyo walibaki salama.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea mwaka 1942. Jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano kwa dawa iliyochanganywa na seramu ya binadamu ili isiharibike. Askari wapatao 50,000 walilazwa hospitalini. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Virusi vilikuwa ndani ya seramu. Inashangaza kidogo: dawa ya kuzuia homa ya manjano ikaleta manjano ya namna nyingine.

Daktari Mwingereza F. O. MacCallum alipendekeza mwaka 1947 kwamba homa ya ini ya chakula na maji machafu iitwe A, na hii ya damu iitwe B. Jina la seramu halikuondoka upesi. Baruch Blumberg na wenzake walipotangaza mwaka 1965 chembe waliyoikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, chembe ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa sehemu ya kirusi cha B, vitabu vya tiba bado viliandika "seramu". Herufi zilishika kweli katika miaka ya 1970. Kwa hiyo, ukilikuta jina hilo kwenye kitabu cha zamani, soma B, lakini kwa tahadhari: baadhi ya wagonjwa walioandikwa hivyo walikuwa na aina ya C, ambayo kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989 tu.

Kasoro ya jina hilo ni kwamba lilielekeza macho yote kwenye sindano na chupa ya damu. Kirusi cha B hakihitaji hospitali. Hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, hupita kwa kujamiiana, kwa wembe wa kunyolea unaozunguka nyumba nzima, kwa wembe wa kuchanjia chale. Nje ya mwili huweza kuishi siku 7 au zaidi. Afrika Mashariki wengi hukipata utotoni, na hapo ndipo hatari ilipo: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki nacho maisha yote. Kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Anayebaki nacho anaweza kukaa miaka mingi bila dalili, huku ini likielekea kwenye makovu au saratani.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Maana yake, mkazi wa Bugene, Kayanga au Kyerwa mkoani Kagera aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki alipokuwa mchanga. Na aulize kuhusu kipimo cha damu katika kituo cha afya. Akikutwa hana maambukizi wala kinga, chanjo kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi 3 katika miezi 6.