Je, Wajua? Mionzi hukutana kwenye uvimbe

Mgonjwa wa saratani wa Ngara au Biharamulo anayehitaji tiba ya mionzi husafiri hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, au mbali zaidi, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwanza hupigwa picha, kisha huchorwa alama za wino mwilini. Alama hizo huongoza mashine kila siku, hivyo asizisugue anapooga! Mionzi hupigwa kutoka pande kadhaa: kila upande hupitisha dozi ndogo, na zote hukutana kwenye uvimbe. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hutibiwa pia kwa mionzi ya ndani. Chanzo kidogo cha mionzi huwekwa karibu kabisa na uvimbe kwa dakika chache, kisha hutolewa.

Dozi hugawanywa, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, ili chembe hai zenye afya zipate kujijenga upya. Wiki zote hizo mgonjwa yuko mbali na shamba na watoto wake. Malazi karibu na hospitali yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Safari yenyewe angalau imepungua ugumu: tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi, njiani kwenda Mwanza, limemwondolea mgonjwa foleni ya kivuko.