Rada na Mlima Utambaao

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kariobangi hata Kayole, ardhi ni takriban tambarare, na mkazi wake asikiapo habari za mlima kutambaa huhesabu kuwa ni mashaka ya watu wa Murang'a. Hesabu yake si mbaya. Ila ajabu ni kwamba chombo kilicho hodari wa kupeleleza mwendo huo huziona ghorofa za Umoja bayana kuliko kiuonavyo mlima wenyewe.

Chombo hicho ni rada ya setilaiti. Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hupita kwenye kimo cha kilomita 700 hivi, ikituma mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.6 na kuyapokea yarudipo, usiku au mchana, mawingu yawepo au yasiwepo, kisha baada ya siku 12 hurejea katika njia ile ile. Ikiwa paa lililorudisha wimbi limesogea, wimbi la pili huwahi au huchelewa kidogo, na kwa kulinganisha picha nyingi hudhihirika mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Sharti lake ni moja: kirudishacho wimbi kisibadilike sura. Zege na mabati hutimiza sharti hilo, ilhali migomba na michai hukua na kutikiswa na upepo, hesabu ikavurugika.

Ndipo Bukavu, mashariki ya Kongo, ilipokuwa darasa adhimu, kwa kuwa huko mji umejengwa juu ya poromoko lenyewe, liitwalo Funu. Wataalamu walizioanisha picha za ndege za miongo mingi na vipimo vya rada, wakabainisha mwaka 2022 kwamba mteremko huo uliongeza kasi kadiri mji ulivyoenea, maadamu ujenzi hubadili njia za maji, na maji ndiyo yaulegezayo udongo.

Kwetu Eastlands rada aghalabu ingesoma pumzi ya udongo mweusi, uvimbao masika na kusinyaa kiangazi. Wala mtu wa Huruma, akumbukaye jengo lililoanguka Aprili 2016, asidhani setilaiti yatosha badala ya mhandisi.

NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, ina mawimbi ya sentimita 24, yapenyayo majani vizuri zaidi, na huenda ikaifaa Murang'a. Walakini matope ya ghafla, kama yale ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019, hushuka na kutulia kabla siku 12 hazijatimia, na kwa hayo kipimo cha mvua kijijini kingali bora kuliko rada.