SANTURI DUKANI NA SANTURI KWENYE INTANETI: NJIA MBILI ZA KUUTAFUTA WIMBO WA KISWAHILI WA KATANGA

0. Utangulizi

Mtu atakaye kununua santuri leo ana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani: kuingia dukani au sokoni, kupekua, kuuliza, kusikiliza, kupatana bei na kulipa. Ya pili ni kuitafuta kwenye intaneti, kusoma maelezo ya muuzaji asiyeonana naye, kulipa kwa kadi ya benki na kungoja posta. Biashara hii ilidhaniwa kuwa imekufa pale kanda, na baadaye CD, zilipolitwaa soko, lakini imefufuka. Nchini Marekani, katika mwaka 2022, ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41, hali CD zilikuwa kama milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuzipita CD kwa idadi.

Mjadala kuhusu njia iliyo bora huendeshwa zaidi na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, ambao hupima bei, urahisi na starehe ya kupekua. Makala haya yanaliangalia jambo hilo kwa upande wa mtafiti wa Kiswahili anayezitafuta nyimbo zilizoimbwa kwa Kiswahili cha Katanga. Kwake yeye santuri si pambo la nyumba, bali ni hati ya lugha. Swali basi ni hili: kila njia humwezesha kujua nini juu ya santuri kabla hajailipia, na humficha nini?

1. Santuri kama hati ya lugha

Santuri za kwanza kuenea Kongo zilikuwa za lakiri, zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo mmoja wa dakika kama tatu. Santuri za plastiki zilifuata: kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa ile kubwa ya mizunguko 33 na theluthi mwaka 1948, na RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949. Mabadiliko hayo yana maana kwa mtafiti. Lakiri huvunjika kama kigae. Plastiki haivunjiki upesi, lakini hupinda kwa joto na mifuo yake hukwaruzika.

Mwaka uleule wa 1948, mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Huko Katanga, mwezi Februari 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Nyimbo hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Tracey alianzisha taasisi ya muziki wa Afrika, iitwayo ILAM kwa kifupi, mwaka 1954, nayo ikatoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Katika miaka ya 1970 wanamuziki kadhaa wa Katanga walihamia Nairobi, wakiwemo wale wa Orchestra Super Mazembe waliofika mwaka 1974, na Baba Gaston aliyewafuata mwaka 1975. Santuri zao zilitolewa Kenya.

Yatokanayo na historia hii ni wazi. Sauti ni za Katanga, lakini sahani zilitolewa Johannesburg, Ulaya, Kinshasa na Nairobi, kisha zikatawanyika kufuata njia za biashara. Hakuna duka moja liwezalo kuzikusanya zote. Mtafiti analazimika kuzifuata ziliko, na hapo ndipo tofauti ya njia mbili inapojitokeza.

2. Duka huuza kwa sikio

Duka la santuri, popote lilipo, lina jambo moja ambalo intaneti haina: sahani huwekwa kwenye mashine na mnunuzi akaisikia. Kwa mwanaisimu jambo hilo latosha kumaliza maswali mengi. Baada ya beti mbili hujua kama mwimbaji anatumia Kiswahili, Kisanga, Kiluba au mchanganyiko. Husikia kama anasema «watoto» au «batoto». Hujua pia kama maneno yanasikika vya kutosha kuandikwa, au kama mikwaruzo imeyameza.

Pamoja na mashine kuna mwenye duka. Maduka yaliyosifika hayakuwa ghala tupu. Huko Mombasa, duka la Assanand lilikuwa pia mtoaji wa santuri za taarabu, kwa chapa ya Mzuri. Huko Nairobi, Melodica Music Stores, lililofunguliwa mwaka 1971, liliuza na kutoa santuri vilevile. Katika jiji hilohilo, Soko la Kenyatta limejulikana hata nje ya Kenya kwa kibanda chake cha santuri kuukuu. Huko London, Stern's lilianza kama duka la vyombo vya umeme lililoweka pembeni santuri za Kiafrika, hata jina lake likaja kuwa jina la muziki huo. Muuzaji wa namna hii aliwajua wanamuziki, alijua nani alimpigia nani gitaa, wimbo upi ulichezwa zaidi kwenye harusi na upi ulirudishwa na wateja. Maarifa hayo hayakuandikwa juu ya jalada lolote.

Faida ya tatu ni ya kupata asichokitafuta mtu. Anayepekua sanduku hukutana na sahani ambayo hakujua kama ipo. Hahitaji kuitaja, wala kujua jina lake huandikwaje. Inatosha mkono uifikie.

Hata hivyo, duka lina mipaka yake. Maarifa ya mwenye duka ni ya mdomo, na aghalabu hufa pamoja naye. Bei hutegemea uso wa mteja. Na zaidi ya yote, duka laweza kutoweka. Nchini Zaïre, hatua zilizotangazwa tarehe 30 Novemba 1973 ziliyahamisha maduka ya wageni kwenda mikononi mwa wananchi, na mengi kati yake hayakudumu. Kanda zilizonakiliwa bila idhini zikamaliza kilichobaki. Hivyo mtafiti wa Lubumbashi, akisema «duka», mara nyingi ana maana ya meza ya sokoni au sanduku lililo chini ya kitanda cha mzee fulani.

3. Intaneti huuza kwa maandishi

Masoko makubwa ya intaneti ni mawili. eBay ilianza mwaka 1995, nayo huuza kila kitu. Discogs ilianzishwa mwaka 2000 nchini Marekani kama orodha ya santuri inayojazwa na watu wa kujitolea, na baadaye ikawa soko. Katika Discogs kila toleo lina ukurasa wake: jina la mwimbaji, nyimbo, kampuni, namba ya toleo, nchi, picha za lebo, na hata namba zilizochongwa kwenye plastiki karibu na lebo. Muuzaji huiweka bidhaa yake chini ya ukurasa huo, na mnunuzi huona pia sahani kama hiyo iliwahi kuuzwa kwa bei gani.

Kwa mtafiti hii ni hazina. Picha ya lebo pekee humsaidia kukadiria tarehe. Lebo yenye jina «Elisabethville» kwa kawaida ni ya kabla ya 1966, mwaka ambao miji ilibadilishwa majina. Lebo yenye neno «Zaïre» kama jina la nchi yaelekea kuwa ya kati ya tarehe 27 Oktoba 1971 na Mei 1997. Vivyo hivyo kwa majina ya watu: sera ya kurudia uhalisi iliyafuta majina ya Kikristo mwaka 1972, ndiyo maana mtu mmoja huonekana hapa kama Jean Bosco Mwenda na pale kama Mwenda wa Bayeke. Discogs huruhusu majina kama hayo kufungwa pamoja chini ya mtu mmoja, kazi ambayo duka haliwezi kuifanya.

Lakini mnunuzi hasikii sahani yenyewe. Badala ya sikio anapewa alama. Wauzaji wengi hutumia kipimo cha Goldmine, kinachoshuka kutoka M, yaani sahani isiyoguswa, kupitia NM, VG+, VG na G, hadi P. Mgeni na adanganyike hapa: G ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya «nzuri», kumbe kwa desturi ya soko huonyesha sahani iliyochakaa, yenye kelele toka mwanzo hadi mwisho. Atakaye kuyaandika maneno ya wimbo afadhali asishuke chini ya VG, na amwombe muuzaji aeleze kama sahani ilichezwa kabla ya kupewa alama au ilitazamwa tu kwa macho.

4. Tatizo la tahajia na la lugha isiyotajwa

Ugumu mkubwa zaidi hauko katika alama wala katika bei. Uko katika lugha. Dukani mtu hupata asichokijua. Kwenye intaneti hupata tu anachoweza kukitaja, tena kwa tahajia ileile iliyoandikwa na mwingine.

Kanuni ya Discogs ni kuandika jina la wimbo kama lilivyo kwenye lebo. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani huheshimu hati. Ila lebo za Kongo ziliandikwa na watu waliozoea Kifaransa, na za kusini na mashariki na watu waliozoea Kiingereza. Sauti moja huweza kuandikwa «ch», «tch» au «tsh». Nyingine «j» au «dj». «U» huweza kuwa «ou». Juu ya hayo kuna matamshi ya Katanga yenyewe: «mutoto» mahali pa «mtoto», «muntu» mahali pa «mtu», «batoto» mahali pa «watoto». Mwanafunzi anayetafuta kwa Kiswahili sanifu, akiandika «mtoto», hatauona wimbo ulioandikwa «mutoto», ijapokuwa upo mbele yake. Yampasa kuandaa orodha ya tahajia zinazowezekana na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Anayeijua fonolojia ya Kiswahili cha Katanga ana ufunguo ambao mkusanyaji wa Ulaya hana.

La pili ni zito zaidi. Ukurasa wa Discogs una nafasi ya nchi, ya aina ya muziki na ya mtindo, lakini hauna nafasi maalumu ya lugha ya wimbo. Nchi nayo ni ile ambako toleo lilitolewa. Kwa hiyo sahani ya bendi iliyotoka Lubumbashi ikatolewa Nairobi huorodheshwa chini ya Kenya, na sahani ya Mwenda iliyotolewa na Gallo huorodheshwa chini ya Afrika Kusini. Tofauti na hayo, mfululizo wa ILAM uliandamana na maelezo ya kila wimbo, yenye lugha, watu, mahali na ala. Soko jipya limeeneza santuri mbali kuliko Tracey alivyoweza kuzifikisha, lakini limeitupa habari ambayo yeye aliona kuwa ni ya lazima.

5. Safari ya kwenda isiyo na kurudi

Katika intaneti kila muuzaji huchagua nchi ambako yuko tayari kutuma bidhaa. Asiye na kadi ya kimataifa wala anwani ya posta inayoaminika hulazimika kumtegemea ndugu aliye Brussels au Johannesburg, na gharama ya kifurushi huweza kuipita bei ya sahani. Kutoka Afrika kwenda nje, kinyume chake, njia ni pana: wakusanyaji wamesafiri barani tangu miaka mingi wakinunua masanduku kwa jumla. Sahani iliyonunuliwa sokoni kwa bei ya mkate huweza kuonekana baadaye kwenye intaneti kwa bei ambayo msaidizi wa chuo hawezi kuilipa.

Si haki kuwalaumu wauzaji wala wanunuzi. Mara nyingi mkusanyaji ndiye aliyeiokoa sahani kutoka kwenye vumbi na mchwa. Kinachopotea si plastiki. Kinachopotea ni maneno ya yule mzee aliyeuza, ambaye angeweza kusema wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani na neno fulani la kikazi la mgodini lilikuwa na maana gani. Sahani husafiri, maelezo hubaki, kisha huzikwa.

6. Hitimisho

Duka hutoa sauti na masimulizi bila maandishi. Intaneti hutoa maandishi na picha bila sauti wala masimulizi. Kwa mpenzi wa muziki, kuchagua moja ni suala la tabia na mfuko. Kwa mtafiti wa Kiswahili, moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Idara za Kiswahili zina la kufanya, tena bila fedha nyingi. Kwanza, sahani zilizobaki mijini Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zisikilizwe na kunakiliwa kabla ya kuuzwa, na mwenye nazo ahojiwe. Pili, lebo zipigwe picha, pande zote mbili, pamoja na namba zilizochongwa. Tatu, kwa kuwa orodha ya Discogs hujazwa na watu wa kujitolea, mwanafunzi aliyejiandikisha aweza kuongeza kwenye sehemu ya maelezo kwamba wimbo ni wa Kiswahili na kwamba mwimbaji ni wa Katanga. Sahani ikishaondoka haitarudi kwa urahisi, lakini maelezo sahihi yaliyoandikwa na ajuaye lugha yake yataifuata popote itakapouzwa.