Chanjo Itokanayo na Virusi Vilivyouawa

Mkulima akinunua chanjo ya ng'ombe wake, au mama akimpeleka mtoto kudungwa sindano ya polio, yamkini hujiuliza: dawa hii imetengenezwa kwa kitu gani? Jibu lake huwashangaza wengi. Imetengenezwa kwa virusi vya ugonjwa wenyewe, ila vimekwisha uawa.

Kazi ya kuviua si rahisi. Virusi ni vitu vidogo mno, vyenye sehemu mbili: ndani mna uzi wa urithi, ambao huviwezesha kuzaana, na nje lipo ganda la protini. Mwili humtambua adui kwa ganda lake, kama vile mbwa amtambuavyo mgeni kwa harufu. Basi mtengenezaji hana budi kuuharibu ule uzi na kulihifadhi ganda. Akizidisha dawa ya kuulia, ganda huharibika na mwili haujifunzi lo lote. Akiipunguza, hubaki virusi hai, navyo huleta ugonjwa ule ule uliokusudiwa kuzuiliwa.

Dk. Jonas Salk wa Marekani alitumia fomalini, dawa ile ile ihifadhiyo maiti. Aliitia kidogo sana, sehemu 1 kwa 4,000, akaviweka virusi vya polio katika joto kama la mwili kwa siku kadha wa kadha. Fomalini hushikamana na uzi na ganda pia, ikavifunga hata virusi visiweze kuzaana tena. Mwezi wa Aprili, 1955, ilitangazwa kwamba chanjo hiyo yafaa, na watu wakashangilia.

Lakini furaha haikudumu. Mwezi uo huo, watoto waliochanjwa kwa dawa ya kiwanda kimoja, Cutter cha California, walianza kupooza. Watu zaidi ya 150 walipooza, wakiwamo jamaa na jirani walioambukizwa na watoto hao, na 10 wakafa.

Kosa lilikuwa wapi? Salk alihesabu ya kuwa virusi hupungua kwa kadiri moja siku zote mpaka viishe. Kumbe sivyo. Virusi vingine vilikuwa vimegandamana kwa madonge, na fomalini haikuvifikia vile vya katikati. Kila mpishi wa uji alijua jambo hili: donge la unga huiva nje, na ndani likabaki bichi. Baada ya msiba huo iliamriwa dawa ichujwe tena katikati ya kazi, iwekwe muda mrefu zaidi, na ipimwe kwa uangalifu zaidi.

Wafugaji nao walipata funzo lao. Katika miaka ya 1980 huko Ulaya, ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka mara kadha kwa sababu ya chanjo ambazo fomalini haikumaliza kazi yake ndani yake. Siku hizi watengenezaji hutumia dawa nyingine, iitwayo ethilenimini, ambayo huushambulia uzi wa ndani huku ganda likisalimika.

Sasa msomaji ataona kwa nini bwana mifugo husisitiza mambo mawili. Kwanza, virusi vilivyouawa havizaani mwilini, kwa hiyo sindano moja aghalabu haitoshi. Sharti irudiwe kwa wakati wake. Pili, ganda likiharibika chanjo haina faida tena. Kwa hiyo chupa ikae mahali pa baridi, wala isigande kuwa barafu. Elimu hii ilinunuliwa kwa miguu ya watoto. Tusiitupe kwa kuiacha chupa juani.