TUANGUSHE EMBE KWA PICHA

Umekwisha ona watu wakitembea katika sinema. Kumbe kila picha ya sinema imesimama tuli! Picha 24 hupita kila sekunde, nasi tunaona kama watu wanatembea.

Tulitaka kujaribu wenyewe. Tulikata embe la karatasi, tukalichomeka kwa mwiba juu kwenye ukuta wa udongo. Simu yenye kamera tuliiweka juu ya kigoda, tukaibana kwa matofali isitikisike. Tukapiga picha. Tukalishusha embe kidogo, tukaondoa mkono, tukapiga tena. Tulipopata picha 6, tuliziunganisha kwa programu ya simu, zipite picha 10 kwa sekunde.

Mara ya kwanza tulikosea. Kila mara tulishusha embe sentimita 25. Tulipotazama, tulicheka sana. Embe halikuanguka. Lilikuwa kama linateremshwa kwa kamba!

Kosa letu ni nini? Kitu kinachoanguka hakiendi kwa hatua sawa. Huanza polepole, kisha kasi huzidi na kuzidi. Galileo, mtaalamu wa Italia aliyekufa mwaka 1642, alipima jambo hili. Aliona kwamba hatua zake hukua hivi: 1, 3, 5, 7, 9.

Basi tulichukua rula, tukapima upya:

Picha ya 1: embe liko juu
Picha ya 2: shusha sentimita 5
Picha ya 3: shusha tena 15
Picha ya 4: shusha tena 25
Picha ya 5: shusha tena 35
Picha ya 6: shusha tena 45

Jumla ni sentimita 125 kwa nusu sekunde. Safari hii embe lilianguka kweli!

Jambo hili si mchezo tu. Fikiri juu ya mnazi. Nazi ikianguka kutoka mita 20, hufika chini kwa sekunde 2 hivi. Hapo kasi yake ni karibu kilomita 70 kwa saa, kama basi barabarani. Ukisikia imekatika, huna nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo tusikae chini ya mnazi wenye nazi zilizokauka, wala tusimlaze mtoto hapo.

Haya, kata embe lako ujaribu. Ila usisahau rula!