Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayedhani kwamba kitu cha kubandika kitachukua nafasi ya kile cha asili. Ni nadra mno kwa wanafunzi wa fasihi simulizi kuichunguza katika maana yake ya wazi, yaani maana ya kinywa, taya na ufizi. Makala haya yanaitazama kwa jicho hilo, maadamu tiba ya meno siku hizi inadai kwamba dawa ya pengo imepatikana.

Kwanza, pengo lenyewe. Jino ni kama mti: sehemu ionekanayo ni ndogo, ilhali mzizi umejikita ndani ya mfupa wa taya. Kila mtu atafunapo, mzizi huo huusukuma mfupa, na msukumo huo huusaidia kudumu imara. Jino likisha kung'oka, mfupa uliolishika hukosa kazi na kuanza kusinyaa, hasa katika mwaka wa kwanza. Mtu akipoteza meno mengi, mashavu hubonyea na kidevu husogea karibu na pua. Mwanafonetiki naye atatambua hasara nyingine: bila meno ya mbele ya juu, mdomo wa chini hukosa pa kuegemea katika kutamka f na v, na ulimi hukosa mpaka wake katika th na dh.

Jino la pembe halikuwa tamathali tu. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka wa 1789, alikuwa amesaliwa na jino moja tu la kwake, na meno yake ya bandia yalichongwa kwa jino la kiboko. Meno ya plastiki ya siku hizi ni mepesi na yanapendeza zaidi, lakini kasoro ni ile ile: huketi juu ya ufizi huku mfupa ulio chini ukizidi kupungua, hata yaliyotosha sawasawa hapo awali yakaanza kuchezacheza. Hapo wahenga walisema kweli tupu.

Mabadiliko yalizuka kwa sadfa nchini Uswidi. Mwaka wa 1952, Per-Ingvar Brånemark alipachika vifaa vidogo vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze mwendo wa damu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka wa 1965 alimtibu Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, na mgonjwa huyo alivitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka wa 2006. Wataalamu wengi walimbeza Brånemark kwa muda mrefu, hadi kongamano la Toronto la mwaka wa 1982 lilipowageuza.

Katika utaratibu wenyewe, mgonjwa hupigwa picha ya eksirei ili kina na upana wa mfupa ujulikane. Baada ya sindano ya ganzi, ufizi hupasuliwa na mfupa hutobolewa polepole huku ukipozwa kwa maji, kwani joto likizidi huziua seli zake. Kisha skurubu ya titani hutiwa. Hufuata kungoja, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita, ndipo taji la kauri lenye umbo na rangi ya jino hufungwa juu yake. Kitenzi "kupandikiza" kimeazimwa shambani, ingawa hakilingani barabara: mkulima hupandikiza mche wenye mizizi, ilhali daktari hupanda mzizi mtupu, shina likafuata baadaye.

Je, methali imepitwa na wakati? Labda nusu yake. Jino la asili hushikwa mfupani kwa nyuzi laini zinazomwarifu mlaji upesi anapouma changarawe ndani ya wali. Titani haina nyuzi hizo. Haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huweza kuugua na mfupa ukaliwa, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au asiyepiga mswaki. Kijana ambaye taya lake bado linakua hutakiwa kusubiri. Fauka ya hayo, gharama ni kubwa, na Wakenya wengi hubaki na meno ya kuvaa na kuvua, au na pengo lenyewe. Anayekusudia kujiwekea akiba ya matibabu haya hufaa kumwuliza daktari siku ile ile ya kung'oa. Akikawia miaka kumi, huenda mfupa ukahitaji kuongezwa kwanza ndipo skurubu ipate pa kushika.